Chupa Ikipasuka Mapema: Mwongozo Kamili kwa Mjamzito wa Mwanza na Visiwani

Nilikuwa nimeinama kuchochea jiko la mkaa, Nansio, kisiwani Ukerewe, nyumbani kwa mama mkwe, saa kumi na moja alfajiri. Nikasikia kitu kimeachia ndani, kama puto dogo lililotobolewa, kisha maji ya uvuguvugu yakashuka mapajani hadi sakafuni. Mimba ilikuwa ya wiki 26. Nilibana miguu nikidhani ni mkojo. Hayakubanika.

Zahanati ya kwanza niliyofika waliniambia nirudi nyumbani, nilale, ninywe maji mengi, chupa itajiziba. Nikarudi, nikalala. Nusu siku ikapotea hivyo, mpaka wifi yangu aliporudi kutoka sokoni, akainua khanga niliyokuwa nimeilalia na kuikamua kidogo mbele yangu. "Wifi," akasema, "hapa hatulali. Vaa viatu tuvuke."

Alichokijua wifi, na ambacho mimi sikukijua, ni hiki: mtoto ambaye hajakomaa husafiri salama zaidi akiwa tumboni kuliko akiwa ameshazaliwa. Hakuna gari la wagonjwa, boti wala mashine inayomtunza njiti njiani kama mfuko wa uzazi wa mama yake, hata kama maji yamepungua. Kwa sisi tunaoishi ng'ambo ya maji, iwe Ukerewe, Ukara, Kome au vijiji vya Buchosa, jambo hilo moja linaweza kuamua maisha.

Kwanza, elewa kilichotokea

Mtoto tumboni huelea ndani ya mfuko wenye maji, ndio tunaouita chupa. Kwa kawaida chupa hupasuka uchungu ukiwa umeanza, mimba ikiwa imetimia. Ikipasuka kabla ya wiki 37 na uchungu haujaanza, hiyo ndiyo hali tunayoizungumzia. Hutokea kwa takriban mimba 3 katika kila 100. Kabla ya wiki 24 ni nadra zaidi, na ni ngumu zaidi.

Maji yale yana kazi. Yanamkinga mtoto asigandamizwe, yanazuia kitovu kisibanwe, na mtoto huyavuta na kuyatoa kifuani ili mapafu yake yakue. Ndiyo maana chupa iliyopasuka wiki ya 18 ni habari tofauti kabisa na iliyopasuka wiki ya 33. Kuanzia katikati ya mimba maji hayo kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe, kwa hiyo anaendelea kuyatengeneza kila siku. Lakini tundu likiwa wazi, yanavuja. Kunywa maji ni vizuri kwa mwili wako, ila maji ya kikombe hayaendi kujaza chupa. Zipo mara chache ambapo uvujaji hukoma wenyewe. Usikae nyumbani kuisubiri bahati hiyo.

Mlango uliokuwa umefungwa sasa umefunguka pia kwa vijidudu. Hatari inayoua mama ni hiyo: maambukizi yanayopanda kwenye mfuko wa uzazi na kuingia kwenye damu.

Hakikisha, lakini usichelewe kwa kuhakikisha

Si kila anayepasuka chupa anamwaga ndoo. Wengi huvuja kidogo kidogo, wakadhani ni ute au mkojo. Fanya hivi: nenda chooni umalize mkojo wote, vaa pedi safi, au kipande cha khanga nyeupe kilichofuliwa na kupigwa pasi, kisha lala ubavu kwa nusu saa. Simama, kohoa mara mbili tatu. Yakishuka maji mepesi kama ya kunde zilizochemshwa kidogo, au yasiyo na rangi, yasiyonuka mkojo bali yenye harufu tamutamu, na ukijaribu kuyazuia hayazuiliki, hesabu kwamba ni chupa. Mkojo una harufu yake na unaweza kuubana. Ute ni mzito na unateleza kwenye vidole.

Pedi hiyo usiitupe. Iweke kwenye mfuko wa nailoni uende nayo, nesi ataitazama rangi na harufu. Angalia saa, andika. Utaulizwa mara kumi: yalianza saa ngapi?

Ukiwa na shaka, nenda hivyo hivyo. Hakuna nesi mwenye akili timamu atakayekulaumu kwa kuja na mkojo.

Saa ya kwanza

Usiingize kitu chochote ukeni: si kidole kuangalia, si kitambaa kuzuia maji, si dawa. Tendo la ndoa linasimama hapo hapo. Usioge ziwani wala usikae kwenye beseni. Nawa kwa nje kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma. Na naomba sana, dada zangu wa Usukumani mnanielewa, usinywe dawa ya mitishamba ya kuongeza uchungu au "kusafisha njia". Uchungu ndio kitu tusichokitaka sasa.

Jitazame, au mwambie mtu akutazame. Ukiona au ukihisi kitu laini kama utumbo kinaning'inia, kinachodunda, hicho ni kitovu kimetangulia. Hapo piga magoti, weka kifua na kichwa chini, makalio juu, na ubaki hivyo mpaka kwenye gari na ndani ya gari. Usikirudishe ndani, usikishikeshike. Ni dharura ya dakika.

Piga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga walio katika dharura. Gari la wagonjwa likikosekana, hutumwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa. Sema maneno manne wazi: una wiki ngapi, maji yameanza saa ngapi, kuna damu au hakuna, uchungu upo au haupo.

Wakati wanatafuta usafiri, chukua kadi ya kliniki, kadi ya bima kama unayo, khanga tatu safi, pedi nyingi, kipimajoto, chaja ya simu, pesa ya chakula. Huduma ya mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bure kwa sera, lakini wodini utakaa siku nyingi na msindikizaji wako atakula.

Njia ya kwenda

Usiulize hospitali ipi iko karibu tu. Uliza ipi ina wodi ya watoto njiti, yenye oksijeni na mashine ya kusaidia kupumua. Mwanza mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, na juu ya kilima kuna Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Mwambie mtoa huduma wa zahanati au kituo chako apige simu mbele kabla hujafika, na aandike barua ya rufaa yenye saa ya maji kuanza na dawa zote ulizopewa. Kama sindano ya kwanza ya kukomaza mapafu inaweza kutolewa pale pale, waulize.

Anayetoka Sengerema au Geita sasa ana nafuu ambayo mama zetu hawakuwa nayo. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, limeondoa ile foleni ya kivuko. Ukerewe bado ni maji. Kuna meli na vivuko vya Nansio kuja Mwanza, na kuna kivuko cha Rugezi–Kisorya kama unazungukia Bunda, ila vyote vina ratiba, na usiku ni hadithi nyingine. Ndiyo sababu nasema nenda mchana, nenda mapema, nenda maji yakiwa bado yanavuja tu na tumbo limetulia. Keti kwa ubavu, mtu mmoja akae na wewe muda wote.

Kuna hali moja tu inayogeuza ushauri huu. Kama uchungu umekolea na unasikia kusukuma, au damu inatoka kwa wingi, usipande chombo cha majini. Ingia kituo cha afya kilicho karibu kabisa, watulize hali kwanza. Mtoto asizaliwe katikati ya ziwa.

Ukifika hospitali

Hapa nitakaa kidogo, maana mama anayejua kinachotakiwa huuliza, na anayeuliza hukumbukwa.

Kupima kwa vidole kila zamu inapobadilika hakufai kama uchungu haujaanza, kwa sababu kila kidole kinapeleka vijidudu juu. Kinachotakiwa ni kifaa safi cha kufungulia uke, daktari aone kwa macho maji yakichuruzika kutoka mlango wa kizazi. Unaweza kusema kwa heshima, "Samahani nesi, nimeshapimwa, chupa imepasuka na sina uchungu." Nilisema hivyo mara mbili. Mara zote mbili nesi alinishukuru.

Ultrasaundi itaonyesha maji yaliyobaki, mapigo ya moyo wa mtoto, na amelala vipi. Watapima mkojo, damu, malaria, maambukizi ya zinaa. Kama unatumia ARV, endelea bila kuruka dozi hata moja, na mwambie daktari mapema. Chupa ikiwa wazi, dawa hizo zina kazi kubwa zaidi ya kumlinda mtoto. Kama kundi lako la damu ni hasi, litaje.

Zipo dawa tatu za kuzijua kwa jina.

Ya kwanza ni sindano za mapafu, yaani deksamethasoni. Hutolewa kwa mimba ya kati ya wiki 24 na 34, pale ambapo hakuna dalili za maambukizi na kuna uwezo wa kumtunza njiti: miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Mnamo 2020 utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ulithibitisha kwamba hupunguza vifo vya watoto wachanga hata katika hospitali za nchi kama zetu. Sindano hizo zinahitaji muda kufanya kazi, siku moja hadi mbili. Sasa unaona kwa nini ile nusu siku niliyolala Nansio inaniuma mpaka leo. Kama una kisukari, waambie, kwa sababu sukari itapanda.

Ya pili ni erithromaisini, miligramu 250 mara nne kwa siku, kwa siku 10. Inapunguza maambukizi na kurefusha muda wa mtoto kubaki ndani. Dawa ya mchanganyiko wa amoksilini na asidi ya klavulaniki haishauriwi katika hali hii, kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa mbaya wa utumbo kwa watoto njiti. Ndiyo maana kununua dawa yoyote ya kuua vijidudu duka la dawa mtaani ni kosa.

Ya tatu ni magnesiamu, dripu inayotolewa kabla ya wiki 32 mtoto akiwa karibu kuzaliwa, kulinda ubongo wake. Utasikia joto mwilini kama umemezwa na jua la Januari. Hupita.

Wiki zako zinasema nini

Hesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ulinganishe na ultrasaundi ya mapema kama ulipiga.

Kuanzia wiki 37 mtoto ametimia, hakuna cha kusubiri. Kati ya 34 na 37 daktari atapima kama kukuanzishia uchungu ni bora kuliko kungoja. Kati ya 24 na 34, kama huna homa, damu wala uchungu, na mtoto yuko sawa, lengo ni kumwacha ndani kila siku inayowezekana. Takriban nusu ya akina mama hujifungua ndani ya wiki moja. Wengine husogea wiki kadhaa. Mimi nilisogea siku 19.

Kabla ya wiki 24 lazima niseme kweli, ingawa ni chungu. Watoto wengi wa wiki hizo hawaishi, kwa sababu mapafu hayakupata maji ya kukulia. Daktari anapaswa kukaa na wewe na mwenzako, awaeleze njia mbili: kungoja mkiangaliwa kwa karibu, au kuanzisha uchungu ili kuokoa uhai na afya ya mama. Kungoja kukichaguliwa, maambukizi yakitokea kungoja kumekwisha, hata kama moyo wa mtoto bado unapiga. Mwaka 2012 nchini Ireland, Savita Halappanavar, mwenye mimba ya wiki 17, alikufa kwa maambukizi ya damu baada ya chupa kupasuka na madaktari kuchelewa kuitoa mimba ambayo isingeweza kuokolewa. Ireland, nchi yenye kila kitu. Usiruhusu mtu yeyote, awe mama mkwe au kiongozi wa dini, akwambie vumilia homa.

Daftari

Nilipolazwa, wifi alininunulia daftari dogo la mistari. Kila ukurasa niliugawa kwa rula: saa, joto, rangi ya maji, mtoto. Ukurasa wa Jumanne ya pili ninao hapa, umeingia doa la chai: "Saa 12 asubuhi, 36.8, meupe, amecheza. Saa 6 mchana, 36.9, meupe, amecheza sana. Saa 12 jioni, 37.1, waridi kidogo, nimemwambia nesi." Wodi ilikuwa na wagonjwa wengi na manesi wachache. Daktari wa raundi alikuwa akilichukua daftari kabla hata ya faili.

Pima joto angalau mara mbili kwa siku. Likifika 37.5 kwapani, mwite nesi. Likifika 38, au tumbo likiuma ukiligusa, maji yakinuka au kugeuka kijani, moyo wako ukienda mbio, mwili ukitetemeka kwa baridi, au mtoto akipunguza kucheza, hiyo ni dharura, usingoje raundi ya asubuhi. Usimeze parasetamoli kabla ya kupima, inaficha homa. Na usidhani tu ni malaria. Huku kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, lakini chupa ikiwa wazi, kanuni hiyo inageuka.

Kulala chali saa 24 hakuzuii uchungu, na kunaweza kugandisha damu miguuni. Tembea hadi chooni, keti dirishani, badili pedi kila inapolowa, kula kawaida: ugali, dagaa, maharage, mboga. Chandarua usiku. Kama daktari atakuruhusu kurudi nyumbani, kubali tu ikiwa nyumba iko karibu na hospitali na kuna usafiri usiku. Mtu wa kisiwani apange kwa ndugu Kirumba au Igoma, asivuke kurudi.

Maneno ya watu

Watasema uliinua ndoo. Watasema umerogwa, au ulitoka nje ya ndoa. Mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Inapojulikana huwa ni maambukizi ya mkojo au ya uke, mlango wa kizazi kuwa mfupi, kuvuja damu wakati wa mimba, mapacha, maji kupita kiasi, uvutaji wa sigara, au historia ya hali hiyo hiyo. Ndoo ya maji uliyobeba tangu ukiwa msichana haikupasua chupa yako. Baba watoto asome sehemu hii kwa sauti mbele ya ndugu.

Njiti akizaliwa

Mwanangu alikuja na kilo 1.2, ngozi kama ganda la kitunguu. Kazi yako kuanzia dakika hiyo ni maziwa na kifua. Anza kukamua kwa mkono ndani ya saa chache, hata kama yanatoka matone ya dang'a tu; kijiko kimoja kinatosha kwa mpira wa kumlishia. Kamua mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwamo.

Kisha omba kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mtindo wa kangaruu. Utafiti uliotoka 2021, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kuanza mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie, kunapunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Baba anaweza kubeba, wifi anaweza kubeba. Nyumbani kwetu alibebwa na watu wanne kwa zamu.

Ikiwa hakubaki

Mimba yangu ya kwanza iliishia wiki 20, kwa namna hii hii. Omba kumwona kama unataka, kataa kama hutaki, zote ni sawa. Uliza utaratibu wa mazishi kabla hujatoka hospitalini. Maziwa yatakuja siku ya pili au ya tatu na yatakuumiza zaidi ya yote. Vaa sidiria inayobana vizuri, kanda kwa kitambaa cha baridi, usiyakamue mpaka yaishe. Homa, damu nyingi au harufu mbaya baada ya hapo, rudi siku hiyo hiyo. Mwenye damu hasi aulizie sindano yake ya anti-D, inayolinda mimba zijazo, ndani ya saa 72.

Mimba ijayo

Baada ya mimba kutoka, subiri angalau miezi 6. Baada ya kujifungua mtoto hai, miaka 2. Pima na kutibu maambukizi kabla ya kushika mimba, wewe na mwenzako pamoja. Anza kliniki hedhi inapokosekana, si tumbo linapoonekana. Omba mkojo uoteshwe maabara kama inawezekana, na mlango wa kizazi upimwe urefu kwa ultrasaundi kati ya wiki 16 na 24, ili kama ni mfupi au umelegea daktari aamue juu ya kuushona au kukupa dawa za homoni. Kuanzia wiki ya 20, kama unaishi kisiwani, jua ratiba ya kivuko kama unavyojua jina lako. Na siku ya kwanza kabisa, kabla nesi hajafungua kadi, mwambie: "Chupa yangu iliwahi kupasuka mapema," umtajie wiki, na umwombe aiandike juu kabisa ya kadi kwa wino mwekundu.